Kiingereza cha Mama na Bibi wa Ulanga

Katika mji wote wa Morogoro, chini ya bendera ya Kaisari, mtu aliyefundisha Kiingereza alikuwa mmoja tu, mama yangu. Na mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu, mzungu. Nilipowaambia wenzangu shuleni, walininusa kinywa kuona kama nimekunywa.

Sisi shuleni tunafundishwa Kidachi, lugha ya Kaisari. Kila asubuhi tunasimama mbele ya picha ya Kaisari, masharubu yake yamesimama juu kama pembe za ng'ombe aliyeudhiwa, tunamwimbia, kisha tunakaa kufanya hesabu. Kiingereza hakina kazi hapa. Nyumbani kwetu kilikuwapo tu kama paka. Hakuna aliyekiita, na hakuna aliyekifukuza.

Mama alizaliwa juu mlimani, upande wa Kinole, akachukuliwa angali mtoto na wale waliokuwa wakichukua watoto, akafikishwa Unguja. Wamisheni wa Kiingereza wakamtoa mikononi mwa waliomnunua, wakamlea. Wakamfundisha kushona, kuomba na kusema lugha yao, kwa mpangilio huo. Alipokuwa mtu mzima akarudi kutafuta kwao, mimi nikiwa mgongoni. Baba alitufuata mpaka hapa mjini, akaajiriwa kwenye reli, na reli ilipoendelea kwenda Kilosa na mbele yake, naye akaendelea nayo. Nadhani mpaka leo bado anaendelea.

Kiingereza mama alikitumia kwa jambo moja tu, kunigombeza. Alisema majirani hawana haja ya kujua mtoto wake ni mpumbavu kiasi gani. Nikakua nikiamini kwamba hiyo ni lugha iliyotungwa kwa ajili ya makosa yangu, na kwamba huko Ulaya watu wote wanashinda wakimsema mtoto mmoja mvivu wa Morogoro.

Ndivyo Bibi wa Ulanga alivyotupata. Mume wake, Mdachi mrefu asiyecheka, alikuwa msimamizi wa machimbo ya ulanga kule mlimani, yale mawe yanayong'aa na kuchanika karatasi karatasi. Bibi alishuka siku moja kuja kushonesha gauni. Akanikuta nimeunguza kitambaa cha watu kwa pasi ya mkaa, na mama ananishukia kwa Kiingereza kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino. Bibi hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, mwavuli mkononi, anasikiliza kama mtu aliye kanisani.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake, "wewe sema Kiingereza?"

"Huyu mtoto akiniudhi, bibi, nasema."

"Basi yeye akuudhi kila siku. Mimi nataka jifunza."

Akakaa kwenye kiti chetu cha pekee, akaeleza. Yeye si Mdachi, alitoka Bohemia. Nilimuuliza mwalimu wetu Bohemia iko wapi, akanijibu ni mali ya mfalme mwingine, rafiki wa Kaisari, nisiulize sana. Bibi alikuwa na binti. Mume alipopata kazi huku Afrika, daktari wao alisema mtoto yule ana kifua dhaifu, homa za huku zitamuua. Dada yake Bibi alikuwa anahamia Amerika na akamchukua mtoto akae naye kwa muda kidogo. Muda kidogo ukazaa muda mwingine. Sasa mtoto meno ya utotoni yalikuwa yanamtoka, na katika nyumba ile kilichosemwa ni Kiingereza tu, kwa sababu bwana wa nyumba alikuwa Mwamerika. Lugha ya mama yake ilikwishamtoka kabisa. Dada mtu ameandika, njoo umchukue, lakini ujue hatasikia unachosema.

"Baada ya masika napanda meli," Bibi alisema. "Nataka nikifika nisiwe mgeni. Nataka nimwambie mimi ni nani, na yeye asikie."

Mama hakuuliza atalipwa nini. Nilishangaa, maana mama alikuwa mtu wa kuuliza. Baadaye alinieleza. Aliporudi Kinole mara ya kwanza, mama yake mzazi alikuwa angali hai. Mzee yule alimshika mashavu, akamsemesha Kiluguru mchana kutwa, na mama hakuelewa hata neno. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Mzee akafa mama akiwa bado anajifunza majina ya vyungu.

Basi masomo yakaanza. Bibi alishuka na punda wake, na punda akikataa kuvuka mtaro alimtukana kwa lugha ambayo hata Wadachi hawakuijua. Alikuja na kabichi za shamba lake, na wakati mwingine chupa ya kabichi iliyochachuliwa ambayo tulimshukuru sana kwayo, kisha tukawapa kuku. Alituletea pia vipande vikubwa vya ulanga, mama akavipigilia kwenye dirisha. Tukawa watu pekee mtaani wenye dirisha linaloona mvua bila kuiingiza.

Majina ya vitu, rangi, hesabu, jana na kesho, hivyo alivibeba upesi. Palipomshinda ni pale mama alipopaita *hevu*.

"Ai kemu," anasema Bibi akiingia.

"Umekuja lini?" anauliza mama.

"Sasa. Hunioni?"

"Basi tia hevu. Ai hevu kamu. Ukisema ai kemu nitadhani ulikuja ukaondoka."

"Kwetu neno ni moja. Mtu alikuja. Kama bado yuko, tazama kiti."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Na Kiswahili je? Ukifika hapa mlangoni unaniambiaje?"

"Nimekuja."

"Husemi nilikuja?"

Bibi akafikiri. "Sisemi."

"Haya. Kichwa chako kinajua, ulimi ndio mvivu. Kama huyu," akaninyooshea kidole, ingawa nilikuwa nimekaa kimya kabisa, jambo ambalo lilistahili sifa.

Tangu siku hiyo akatia hevu kila mahali, kama mpishi aliyeonja chumvi mara ya kwanza. Ai hevu kamu yestadei. Mama alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Mimi nikafanywa kifaa cha kufundishia. Naambiwa toka nje, natoka. Ametoka. Naingia. Ameingia. Ameshika nini? Ameshika kibuyu. Amefanya nini? Amekimwaga. Huyo mtoto amelaaniwa, bibi, sema nawe, amelaaniwa. Bibi anasema. Kwa kunitumia mimi alijifunza kwamba mtu anaweza kuwa ametoroka, amedanganya, amechana suruali na hajaoga, yote kabla ya chai.

Kisha mama akaona kwamba imetosha Bibi kusema na meza na kiti, sasa aseme na mtoto. Na mtoto aliyekuwapo ni mimi. Nikafungwa kitambaa kichwani, nikakalishwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na mimi, mwenye masharubu yanayochungulia, nikawa binti wa Amerika. Bibi alitoka nje, akabisha hodi, akaingia polepole.

"Nimekuja," alisema kwa Kiingereza. "Nimesafiri mbali. Nimekufikiria kila siku. Sijausahau uso wako."

Maneno hayo waliyatunga yeye na mama, na waliyashona siku nyingi kama gauni la harusi. Kazi yangu ilikuwa kuitikia vizuri. Mimi nikauliza, "Umeniletea nini?"

"Nimekuletea... nimekuletea kabichi."

"Siitaki. Inanuka soksi za askari. Na pua yako ndefu, umeifanya nini?"

Mama alinitupia kijiko. Lakini Bibi alicheka. Kicheko chake hakikuanzia kinywani. Kilianzia puani, kama punda anayekaribia kupiga chafya, kikakaa humo kwanza, ndipo kikalipuka. Mara ya kwanza kukisikia, kuku waliondoka uani. Akanirushia jani la kabichi, akasema, bila kosa hata moja la hevu, kwamba sijawahi kuona mtoto mwenye adabu maishani mwangu. Alitaka kusema yeye ndiye hajawahi. Mama aliiacha ipite, kwa kuwa ilikuwa kweli pia.

Tatizo moja mama hakuweza kulifuta. Mbele yetu wawili Bibi alisema. Mbele ya mtu mwingine yeyote aligeuka jiwe. Siku moja alipita Mwingereza mwindaji, yuko njiani kwenda Kisaki kutafuta tembo, amesimama stesheni akisubiri mizigo yake. Mama akatuburuta pale. "Msalimie tu, bibi. Mwambie umekaa hapa Morogoro miaka mingi." Bibi akasimama mbele ya yule mtu, akafungua kinywa, akawa mwekundu kama pilipili, kisha akamwomba radhi kwa Kidachi na kuondoka haraka, mwavuli ukiwagonga watu. Tukiwa njiani kurudi mama hakumcheka.

"Kwa mtoto itakuwa hivi hivi?" aliniuliza baadaye, kana kwamba mimi najua. "Atavuka maji yote yale aende akanyamaze?"

Kikohozi cha mama kilianza kabla ya mvua. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha vumbi la nguo, na mimi nilikiigiza kumchekesha, naye akacheka na kukohoa, na kukohoa kukazidi kucheka. Masika yalipoingia hakuweza tena kukaa cherehani. Alifundisha amelala. Bibi alikaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda, sketi yake imejaa matope, akisema sentensi zake kwa sauti ndogo, na mama akisahihisha kwa kidole tu. Kidole kikipanda, endelea. Kikishuka, rudia. Bibi alileta dawa za kizungu, mjomba wangu akashuka kutoka Kinole na dawa za kwetu, na mama alizinywa zote kwa heshima, kama mgeni anayelishwa nyumba mbili.

"Mwanafunzi wangu usimwache bubu," aliniambia.

"Nitamuudhi kila siku," nikasema. "Si ndivyo alivyotaka?"

Akatabasamu. Alikufa mchana, mvua ikinyesha, nikiwa nimekwenda kuchota maji. Nilirudi na ndoo kichwani nikamkuta mjomba amesimama mlangoni, ameshika kofia yake. Nikajua. Nilibaki na ile ndoo kichwani muda mrefu kwa sababu sikuweza kufikiri mahali pa kuitua.

Mito ilikuwa imejaa, na Kinole ni mbali kubeba mtu. Padre wa dhehebu la mama hakuwapo karibu. Mjomba akaamua tuzike kwenye shamba la ukoo wetu hapa mguuni mwa mlima, na tuzike Kiluguru. Maana yake watani wawepo. Watani wa ukoo wetu hawahitaji kualikwa kwenye msiba, wanausikia kama nzi wanavyosikia embe. Wao ndio huosha, wao ndio huchimba, na wao ndio hutukana. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Mtani akivaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, unamtazama, na ukicheka hakuna wa kukulaumu.

Nilikwishaona hayo kwenye misiba ya wengine, na ninakiri nilikuwa nikiyapenda kuliko sikukuu. Huu ulikuwa wangu.

Mtani mkuu alikuwa mwanamke mzee mfupi, sauti kama debe. Alikuwa amevaa kanga ya mama, amekaa kwenye kiti chetu pale barazani, mwiko mkononi. Mbele yake kwenye mkeka alikaa kijana mmoja wa watani aliyejipaka unga usoni mpaka kwenye nyusi, ameshika jani la mgomba kama mwavuli.

"Gudi moningi, tichari," akasema mwenye unga.

"Moningi, moningi. Wewe mzungu, somo umelijua?"

"Sijalijua."

"Jana je?"

"Jana nilikuwa sijalijua vilevile."

"Mimi nimekufa kwa ajili yako! Sema, tichari hevu kufa!"

"Tichari hevu kufa!"

"Vizuri! Kidole kimepanda!" Na yule mzee akainua kidole, kidole kilekile, polepole, kama mama alivyokuwa akikiinua kitandani. Sijui nani alimweleza. Watu waliangua kicheko, nami nilicheka mpaka nikahisi kitu kimekatika humo ndani, na machozi yakaanza kutoka kwa vishindo, na mjomba akanishika shingo nisianguke.

Ndipo tukamwona Bibi mwenyewe. Alikuwa amesimama uani kwenye mvua, mwavuli umefungwa, kikapu cha kabichi mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Kicheko kilikatwa kama uzi. Kumwigiza mzungu mbele ya uso wake si mchezo. Kuna watu wamelazwa kifudifudi bomani wakala kiboko kwa kidogo kuliko hicho. Kijana wa unga alijaribu kujipangusa, akaupaka unga wote masikioni. "Wamekwisha hawa," mjomba alininong'oneza. "Na sisi pamoja nao."

Bibi alimtazama yule kijana, akamtazama mzee aliyevaa kanga ya mama. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko ule unga. "Wanamcheka?" akaniuliza. "Amelala humo ndani, na wanamcheka?"

Nikajaribu kumweleza. Nilisema hawa ni watani, bibi, ndiyo kazi yao, wakinyamaza ndiyo matusi. Nilisema mtu ambaye hana wa kumcheka siku ya kuzikwa ni maskini kweli. Nilieleza vibaya, nikimeza kamasi. Sijui alichoelewa. Lakini hakuondoka.

Mtani mkuu angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemdharau. Lakini mtani ni mtani. Wakati vijana walipoingia kuinua jeneza, alikwenda akakaa chini katikati ya mlango, miguu ameinyoosha.

"Maiti haitoki."

"Shikamoo, mama," mjomba akasema, jasho limemtoka. "Tafadhali. Mvua hii, na kaburi linajaa maji. Sema unachotaka tukupe. Kuku yupo."

"Marahaba. Kuku wako mle wenyewe. Huyu alikuwa mwalimu. Mwalimu haondoki darasani mpaka mwanafunzi ajibu somo." Akageuza kichwa. "Mwanafunzi si yule pale mwenye kikapu? Aseme. Tusikie kama ndugu yetu alikuwa anafundisha au alikuwa anakula kabichi za watu bure."

Uani kote watu waligeuka kumtazama Bibi. Yule aliyemkimbia mwindaji mmoja stesheni sasa alikuwa na mji mzima mbele yake.

"Anasema nini?" akaniuliza, na nikamwambia.

"Siwezi," akasema. "Unajua. Mbele ya watu siwezi."

"Usiposema hatoki, bibi."

"Mwambie siwezi!"

"Anajua. Ndiyo maana amekaa."

Mvua ilikuwa inamiminika kutoka kwenye ukingo wa paa. Vijana wamesimama ndani, jeneza mabegani. Bibi akaweka kikapu chini. Akatembea mpaka mbele ya mlango, akasimama juu ya yule mzee, akitazama ndani mle gizani, na kinywa chake kikafunguka, kikafungwa. Akawa mwekundu. Nikajua ataondoka. Nikaanza kufikiria njia nyingine, labda niseme mimi.

"Ai hevu kamu," akasema.

Mzee akainua uso.

"Nimekuja," akaendelea kwa Kiingereza chake, na sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa kubwa, sijawahi kuisikia ikiwa kubwa vile. "Nimechelewa, mto umejaa. Nimekuletea kabichi. Nimesafiri mbali. Nimekufikiria kila siku. Sijausahau uso wako."

Mimi peke yangu uani ndiye niliyejua hayo ni maneno ya nani. Nilikuwa nimeyasikia nikiwa juu ya kinu, kitambaa kichwani. Hakukosea hata mahali pamoja. Nilisubiri nione kidole kikipanda, kwa upuuzi wangu, nikatazama ndani.

"Anasemaje?" mtani akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya debe tena.

"Anasema amekuja."

Mzee akakunja miguu, akashika fremu ya mlango, akainuka kwa taabu. "Amejibu," akasema. "Mpisheni mwalimu." Akaivua ile kanga ya mama, akamfunika Bibi nayo mabegani, maana alikuwa amelowa chapachapa, na hivyo ndivyo alivyotufuata mpaka kaburini, kanga juu ya gauni la kizungu, akiteleza kwenye matope kama sisi.

Masika yakaisha. Nilinyolewa, nikawekwa chini ya mjomba, na mjomba akaamua nimalize shule kwanza ndipo nipande Kinole. Bibi alikuja siku ya kuagana. Mizigo yake ilikuwa tayari stesheni. Aliona kinu mahali pake, akaniomba, kwa haya, tufanye mara moja tu, aingie na mimi niwe mtoto. Nikafunga kitambaa. Akatoka, akabisha, akaingia.

"Nimekuja," akasema. "Nimesafiri..."

Hakuwa ameganda kwa woga. Alikuwa anakitazama kile kitanda kilichoondolewa mkeka. "Haya nilikwishampa yeye," akasema kwa Kiswahili. "Sasa mtoto nitampa nini?"

Nilitakiwa kusema kitu cha kipuuzi. Nilikuwa na mdomo uliojaa upuuzi tangu kuzaliwa, na siku hiyo haukutoka hata mmoja. Nilivua kitambaa nikampa, akaondoka nacho. Treni ya Dar es Salaam ilimchukua mchana. Mume wake alisimama kwenye jukwaa mikono nyuma, na hakupunga, maana Wadachi wa aina yake wanaona kupunga ni kazi ya bendera.

Vuli ilikwishaanza mume wake alipokuja shuleni. Tulikuwa kwenye hesabu. Alisimama mlangoni, akanyoosha kidole, "Wewe, mtoto wa mwalimu," na darasa zima likanitazama kwa huruma, wengine wakaanza kukadiria viboko. Nikamfuata nje.

"Bibi ameandika," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha machimboni, cha kuamuru, na hakikuzoea habari za namna hii. "Amefika. Watu wa meli walimwelewa. Watu wa forodha walimwelewa. Dada yake hakuamini, Kiingereza kizuri."

"Alhamdulillahi," nikasema, ingawa mimi si Mwislamu. Ndilo neno lililokuwa karibu.

"Mtoto hamjibu."

"Hamjibu?"

"Anakaa nyuma ya kiti cha mama yake mdogo, anamtazama. Mama mdogo akimwuliza, anajibu. Mama yake akimwuliza, kimya. Anamwelewa kila neno, lakini hataki." Akatazama viatu vyake. "Bibi anasema kila asubuhi anamwambia amekuja. Kila asubuhi mtoto anatazama mlango, kama anamngoja aondoke."

Kule ndani darasa lilikuwa linapiga kelele za hesabu. Nikafikiri juu ya mama, siku zote zile na kidole chake. Kilichoharibika hakikuwa kazi yake, na hilo ndilo lililoniumiza. Kingekuwa Kiingereza, ningeweza kukiudhi kidogo kikanyooka.

"Wewe ulikuwa mtoto," yule bwana akasema ghafla. "Kwenye mazoezi. Aliniambia. Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu ovyo, bwana."

"Ovyo gani?"

"Nilimwambia kabichi yake inanuka soksi za askari. Na pua yake..." Nikasita. Huyu alikuwa mume wa ile pua. "Nilimwambia ni ndefu."

Nilisubiri kofi, lakini halikuja. "Na yeye akafanya nini?"

"Alicheka."

"Alicheka," akarudia, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake kuna chumba ambacho hajawahi kukifungua. "Alicheka vipi? Wewe unaigiza watu, najua. Nionyeshe."

Hapo ningeweza. Kile kicheko nakijua mpaka sasa, pale kinapojificha puani na pale kinapolipuka. Nikavuta pumzi. Halafu nikamwona yule mzee, kanga ya mama, kidole kinapanda, na pumzi ikatoka bure.

"Siwezi, bwana," nikasema. "Tangu msiba wa mama, kwangu anayeigizwa ni mtu aliyekwisha kufa. Bibi yuko hai."

Nikaona nimesema nusu tu, nikamalizia haraka kabla ya mwalimu kuniita. "Mwandikie aache kumwambia amekuja. Mtoto ameona. Mwambie afanye upuuzi mbele yake, aanguke, avae kofia kinyume, amchukulie kiti chake. Mtoto akimtukana, asikasirike."

"Mke wangu si mtu wa upuuzi."

"Huku alikuwa, bwana."

Hakusema kama ataandika. Aligeuka akashuka barabara ya kwenda stesheni, mikono nyuma, mgongo umenyooka kama mlingoti. Alipofika pale inapokata kushoto, akasimama. Nilimwona akiinamisha kichwa, mabega yakapanda, na sauti fupi ikatoka puani mwake, mara moja, kisha tena. Sijui alikuwa analia, au alikuwa anajaribu kukumbuka jinsi kile kicheko kinavyoanza.